Nimepima kipandauso changu kwa saa ya ukutani, kimenifikisha kwenye potasiamu ya ubongo

JarubaLaSaba, #1, Alhamisi saa 3:12 usiku

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu, wenye haraka wapite tu, sitanuna.

Mimi ni mtu wa chumvi. Majaruba yetu, yaani mabwawa ya kukaushia maji ya bahari, yako pwani ya Mkinga, duka liko Ngamiani hapa Tanga mjini. Kipandauso ninacho tangu darasa la sita. Sisemi kile kichwa cha jua ambacho kila mtu anacho. Changu hutanguliwa na taa. Kwanza kinatokea kidoa karibu na katikati ya ninachokitazama, halafu kidoa kinageuka upinde wenye kona kona, unametameta mfano wa ukili wa rangi unaposukwa. Upinde unatanuka, unatanuka, unatokea pembeni ya jicho, umekwisha. Ndipo kichwa kinapoanza.

Jumanne nilikuwa nampimia mama mmoja chumvi ya papa. Natazama mizani, namba ya katikati haipo. Pembeni naona, katikati pametoboka. Nikamwambia, "Mama, hebu soma wewe, leo macho yangu yamekwenda matembezi." Akasoma, akalipa. Nadhani hakuniibia.

Safari hii sikukimbilia kulala. Nilikaa juu ya kiroba, nikakodolea msumari mmoja ukutani, mbele yangu nimesimamisha boksi tupu la sabuni, nikamwambia kijana wa dukani: kila dakika mbili zikitimia sema "haya". Kila akisema "haya" nachora kwa maka peni pale ukingo wa upinde ulipofika. Wateja wawili waliingia wakatoka kimya kimya. Mtaani nitakuwa nimeshapata jina jipya.

Dakika 22, mistari 11. Boksi ninalo hadi sasa. Kilichonishangaza ni kwamba mistari ya mwanzo imebanana na ya mwisho imeachana mbali. Upinde ulianza kwa kutambaa ukamalizia kwa mbio.

Nikampelekea boksi jirani yangu wa Makorora, mwalimu mstaafu wa Biolojia. Akacheka mpaka akavua miwani. Anasema kuna Mmarekani aliwahi kufanya kichaa hikihiki, Karl Lashley, mwaka 1941. Naye alikuwa akipata doa kama langu, akawa analichora kadiri linavyosogea. Kwa kuwa alijua ukubwa wa eneo la ubongo linalopokea habari za macho, akapiga hesabu: kuna kitu kinatambaa juu ya gamba la ubongo kwa takriban milimita 3 kwa dakika. Na zile mbio za mwisho ni kiinimacho. Katikati ya jicho imepewa shamba kubwa ubongoni, pembeni imepewa kipande kidogo, kwa hiyo kitu kinachokwenda mwendo mmoja tu kule nyuma, mwenyewe unakiona kinakimbia kikifika pembeni.

Nikazidisha 22 mara 3. Milimita 66. Karibu urefu wa kidole changu cha shahada.

Sasa ni kitu gani hicho kinachotambaa? Hapo ndipo usingizi ulipopotea siku mbili. Mwaka 1944 Mbrazili mmoja, Aristides Leão, alikuwa Harvard akichunguza mambo ya kifafa kwenye ubongo wa sungura. Alipoushtua sehemu moja kwa umeme, akitegemea vurugu, akapata kimya. Umeme wa ubongo ulizima pale, na kuzima kule kukaenea polepole kama doa la mafuta kwenye kanga, milimita 2 hadi 5 kwa dakika, kisha baada ya dakika kadhaa ubongo ukarudi wenyewe. Mwendo wake na wa Lashley ni ndugu. Baadaye ikajulikana ndani ya wimbi lile kuna nini. Kuna chumvi. Potasiamu imefurika nje ya seli.

Mtu wa majaruba akisikia chumvi imefurika lazima aulize imetoka jaruba gani na mlango gani ulifunguliwa. Nitaendelea, kwanza nisikie wenzangu.

MzeeWaBao, #2

Nimevuta kigoda. Endelea mwanangu.

BintiSahare, #3

Potasiamu si ile ya kwenye ndizi? Kwa hiyo mimi ninayekula mkono wa ndizi jioni najitafutia kipandauso?

KombeLaZafarani, #4

Kaka, nisikukatishe tamaa, lakini bibi yangu alikuwa na mataa hayohayo. Aliandikiwa kombe na shekhe wa Pangani, akanywa, mataa yakaondoka palepale. Mengine si ya kupimwa kwa maka peni.

JarubaLaSaba, #5

Shekhe wangu, siwezi kulitukana kombe, na mimi nimelelewa nalo. Shangazi yangu alininywesha nikiwa na miaka kumi na tatu, upinde ukaondoka baada ya dakika ishirini. Shida ni kwamba upinde huondoka baada ya dakika ishirini hata usipokunywa chochote.

Sasa chumvi. Ubongo haukujaa seli tupu. Kati ya seli na seli kuna nyufa zenye maji, nyembamba ajabu, upana wake ni kama nanomita 40 hadi 60. Unywele mmoja ni mnene kuliko ufa huo zaidi ya mara elfu. Lakini ukizikusanya nyufa zote zinachukua karibu sehemu moja ya tano ya ubongo. Ndani ya maji hayo kuna chumvi zilizogawanyika vipande vyenye chaji, yaani ayoni. Sodiamu karibu milimoli (kipimo cha wingi wa ayoni) 145 kwa lita, potasiamu karibu 3 tu, kalsiamu kama 1.2. Ukiingia ndani ya seli mambo yamepinduka: potasiamu karibu 140, sodiamu kumi na kitu, kalsiamu imeshuka mara elfu kumi hivi.

Niwape moja ya kazini kwangu. Maji ya bahari tunayoyaingiza jaruba la kwanza yana sodiamu kama 470 na potasiamu kama 10. Gawanya, unapata 47. Chukua nyufa za ubongo, 145 gawanya kwa 3, unapata 48. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Sijengi hoja yoyote juu yake, nimeiweka hapa kwa sababu ilinifurahisha.

PCB_MwakaWaPili, #6

Mkuu swali. Shuleni tumefundishwa neva ikipiga, sodiamu inaingia, potasiamu inatoka, halafu pampu iliyo kwenye utando wa seli inarudisha kila kitu mahali pake. Mimi huwa napata picha kwamba kila mpigo mmoja ndani panakuwa nje na nje panakuwa ndani, kisha pampu inahangaika kugeuza tena. Ndivyo? Maana kwa mipigo mia kwa sekunde hiyo pampu ina roho ngumu.

MaabaraKimya, #7

Kijana, picha hiyo wanayo wengi, hata wengine wenye vyeti ukutani. Nafanya kazi maabara, nitajibu taratibu.

Mpigo mmoja unahamisha ayoni chache mno ukilinganisha na zilizomo ndani. Ndani ya seli hakuna kinachoonekana kubadilika. Kuna mishipa minene ya neva ya ngisi ambayo watafiti waliizimia pampu kwa sumu na bado ikaendelea kupiga mara maelfu, kama tochi yenye betri kubwa. Pampu haibebi mpigo, inalipa deni baadaye.

Lakini angalia nje. Seli ni chumba, nje ni ufa. Tuseme mipigo mfululizo imetoa potasiamu ya kutosha kuongeza milimoli 1 kwenye ufa, na sodiamu milimoli 1 imetoka kwenye ufa kuingia ndani. Idadi ni ileile. Sodiamu ilikuwa 145, imebaki 144, nani atajua? Potasiamu ilikuwa 3, sasa 4. Imepanda theluthi nzima. Mwenye noti 145 akipoteza moja hastuki, mwenye noti tatu akipewa moja anakwenda kuwaambia nyumbani. Ndiyo maana katika ayoni zote za nje, potasiamu ndiyo inayopiga kelele.

Na seli inaisikia kelele hiyo. Weka namba kwenye kanuni ya Nernst, ile inayogeuza tofauti ya chumvi ya ndani na nje kuwa volti, joto la mwili nyuzi 37. Nje 3 na ndani 140, potasiamu peke yake ingeikalisha seli kwenye milivolti -103 hivi. Nje ikiwa 4 ni -95. Ikiwa 12 ni -66. Kila inavyosogea kuelekea sifuri seli inakaribia kufyatuka. Kwa hiyo seli zikipiga zinaacha potasiamu nje, na potasiamu ya nje inazifanya seli, pamoja na jirani zao ambao hawakusema neno, zitake kupiga zaidi. Hakuna sinapsi hapo, yaani kiungo cha neva na neva, hakuna barua iliyotumwa. Ni mtu anapika vitunguu, nyumba nzima inapata njaa.

PCB_MwakaWaPili, #8

Aisee. Hiyo ya 145 na 3 hakuna aliyewahi kuniambia. Ila sasa kama kelele inazaa kelele, mbona hatuanguki kifafa kila tukifikiri?

MaabaraKimya, #9

Kwa sababu kuna wafagiaji. Kwanza, kwa shughuli za kawaida, mwanga umeingia jichoni au mtu amekugusa, kupanda kwenyewe ni kudogo, mara nyingi hakufiki hata milimoli moja, na kunashuka ndani ya sekunde chache.

Mfagiaji wa kwanza ni pampu, sodiamu tatu nje, potasiamu mbili ndani, kwa kila punje moja ya ATP, mafuta ya seli. Ubongo ni asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula kama asilimia 20 ya nishati ukiwa umekaa tu, na sehemu kubwa ya hiyo inaishia kwenye pampu hii. Aliyeifumania ni Jens Christian Skou wa Denmark, mwaka 1957, kwenye neva za miguu ya kaa. Nobel yake ikaja 1997, miaka arobaini baadaye. Kaa hawahawa, ndugu zao mnaowatoa mikokoni.

Mfagiaji wa pili ni astrosaiti, seli zenye umbo la nyota zilizojaa ubongoni ambazo zamani zilidharauliwa kama gundi tu. Zina milango inayopenda potasiamu, inaingia pale ilipozidi. Na zimeshikana zenyewe kwa zenyewe kwa vijia vidogo, hivyo potasiamu iliyoingia upande huu inaweza kutokea upande ule ambako nje haijajaa. Mwaka 1966 Kuffler, Nicholls na Orkand walionyesha kwenye neva ya jicho ya mnyama wa majini jamii ya salamanda kwamba ukiipiga neva, utando wa seli hizi za gundi unashuka chaji kwa sababu ya potasiamu tu. Mwenye mlango mbovu wa aina hiyo, ule unaoitwa Kir4.1, anazaliwa na kifafa, uziwi, kuyumba anapotembea na matatizo ya figo, vyote kwa pamoja.

JarubaLaSaba, #10

Mkuu hapo kwa astrosaiti umeeleza majaruba yangu. Jaruba likijaa kupita kiasi hatuchoti kwa ndoo, tunafungua mlango wa udongo kwenda jaruba la jirani, maji yanatafuta pa kulala. Ubaya wake nao naujua: majaruba yote yakijaa siku ya bamvua, milango ile ile inasambaza mafuriko.

KamatiyaNgisi, #11, Ijumaa saa 12:05 asubuhi

Niko Deep Sea mnadani, nimesoma huku nasubiri ngalawa. Mmetaja ngisi na kaa. Mimi ngisi nimepasua kuanzia nikiwa mdogo, neva sijaiona hata siku moja. Iko wapi?

JarubaLaSaba, #12

Chukua ngisi mbichi kabisa, aliyelala kwenye barafu atakusumbua. Mpasue joho, ule mfuko wa mwili wake, upande wa tumbo, lifungue kama kitabu, ondoa matumbo na kibofu cha wino taratibu. Ndani ya joho, kila upande, kuna fundo dogo jeupe, na kutoka hapo nyuzi zinatandaa kama vidole vya mkono. Ule unaoelekea nyuma ndio mnene kuliko wote. Ndani yake kuna uzi mmoja wa neva ambao kwenye ngisi wengine unafika hata milimita moja, wakati wako wewe hauonekani kwa macho. Ndiyo inayolibana joho lote kwa mara moja ngisi anapochomoka kukimbia.

Mwingereza J. Z. Young ndiye aliyewaambia watu miaka ya 1930 kwamba huo si mshipa wa damu, ni neva. Hodgkin na Huxley wakapitisha waya ndani yake huko Plymouth mwaka 1939, vita ikawakatisha, wakarudi, mwaka 1952 wakatoa hesabu za sodiamu inavyoingia na potasiamu inavyotoka. Nobel 1963. Na mwaka 1956 Hodgkin huyohuyo na Frankenhaeuser wakagundua kwenye ngisi kwamba mipigo ikifuatana, potasiamu inabaki nje kidogo, imenaswa kwenye nafasi nyembamba kati ya neva na ganda lake. Uzi huu wote umeanzia hapo.

KamatiyaNgisi, #13

Sawa. Wakija wabichi nafanya.

NesiWaZamu, #14, Ijumaa saa 8:40 mchana

Jamani nimetoka zamu, nimesoma wote. Niweke mawili matatu kabla watu hawajaanza kuogopa ndizi.

BintiSahare kula ndizi zako. Potasiamu ya damu ni 3.5 hadi 5, figo zinailinda. Na kati ya damu na ubongo kuna ukuta, mishipa ya ubongo imebanwa isiruhusu kila kinachopita kwenye damu kuingia. Damu yako inaweza kuyumba kidogo, maji ya ubongo yakabaki kwenye 3 yake. Ukila ndizi hupeleki potasiamu kwenye nyufa za ubongo. Wanachosema hawa wakuu ni potasiamu inayotoka ndani ya seli zenyewe, mlango wa pili.

Ila potasiamu ya kwenye kichupa ni kitu kingine. Sisi tumeapishwa kabisa: haichomwi moja kwa moja kwenye mshipa, inachanganywa kwenye dripu na inakwenda polepole, vinginevyo moyo unasimama. Kanuni ni ileile ya namba za MaabaraKimya, imehamia kwenye moyo.

Sodiamu nayo isidharauliwe. Mtu akibugia maji matupu mengi kwa muda mfupi, sodiamu ya damu ikashuka sana, maji yanavutwa kuingia kwenye ubongo, ubongo unavimba, anapata degedege. Ndiyo maana mtoto anayeharisha tunampa ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, na si maji matupu: ile pakiti kwenye lita moja inatoa sodiamu 75 na potasiamu 20, pamoja na glukosi ya kuivusha sodiamu utumboni. Lita moja, akina mama. Nimeona pakiti nzima ndani ya kikombe cha chai.

Na kuna magnesiamu. Mama mwenye kifafa cha mimba au dalili zake tunampa magnesiamu salfeti, dawa ya bei ndogo kabisa kwenye kabati, na mwaka 2002 utafiti mkubwa wa nchi nyingi ulionyesha inapunguza hatari ya kupata kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Wataalamu bado wanabishana inafanyaje hasa.

MaabaraKimya, #15

Asante dada. Kwa upande wetu, magnesiamu ya nje inaziba mlango mmoja wa glutameti, kemikali ambayo neva huamshana nayo, kama kizibo cha chupa. Ukichukua kipande cha ubongo wa panya, ukakiogesha kwenye maji yasiyo na magnesiamu, baada ya muda kinaanza kupiga kifafa chenyewe juu ya kisahani, hakuna mwili, hakuna jini. Samahani KombeLaZafarani.

KombeLaZafarani, #16

Nipo nasoma, sijakasirika. Ila degedege ya watoto wazee wetu walisema ni ndege amepita juu ya mtoto, wakafukiza mavi ya tembo. Hilo nalo mtasema ni potasiamu?

NesiWaZamu, #17

Baba, mara nyingi ni homa, na huku kwetu homa yaweza kuwa malaria. Wakati seli zinapiga kwa fujo, ndiyo, potasiamu ya nje inapanda. Lakini dawa ni kumleta mtoto mapema, moshi unachelewesha tu. Akianza kukakamaa mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, njoo.

PCB_MwakaWaPili, #18

Bado sijaelewa tofauti ya kifafa na lile wimbi la kipandauso. Vyote si potasiamu imepanda?

MaabaraKimya, #19, Ijumaa saa 2:20 usiku

Swali zuri, nimelingojea.

Kuna sindano za kioo, ncha yake ni kama elfu moja ya milimita au mbili, zimejazwa kimiminika kinachotambua potasiamu peke yake. Unaichomeka ubongoni, inakupa potasiamu ya kwenye ufa palepale, sekunde kwa sekunde. Tangu miaka ya 1970 watu wamepima hivyo. Wakaona jambo: hata ukimpa mnyama kifafa kikali, potasiamu inapanda kutoka 3, inafika 10, 12, inagoma. Heinemann na Lux mwaka 1977 waliitambua kama dari. Wafagiaji wanazidiwa lakini hawakimbii. Kalsiamu ya nje wakati huo inashuka, kwa sababu inaingia ndani ya seli, na kalsiamu ikipungua nje utando unakuwa mwepesi zaidi kufyatuka. Seli zinavimba, nyufa zinabana, potasiamu ileile inakosa nafasi. Mambo yanasukumana.

Wimbi la Leão ni pale dari linapotobolewa. Wacheki Vyskočil, Kříž na Bureš walilipima kwenye panya mwaka 1972. Potasiamu inapita 30, inaweza kufika hata 60. Sodiamu ya nje inaporomoka kutoka 145 hadi karibu 60. Kalsiamu inabaki sehemu moja ya kumi. Maji yanafuata sodiamu ndani, seli zinafura.

Sasa rudi kwenye swali lako la kwanza kabisa, kijana. Ulidhani kila mpigo ndani panakuwa nje na nje panakuwa ndani. Kwa mpigo haiwi. Kwa wimbi hili inakaribia kuwa kweli, ukuta kati ya ndani na nje unakuwa kama haupo kwa dakika nzima hivi. Weka potasiamu ya nje 45 kwenye Nernst, unapata -30. Kwa chaji hiyo milango ya sodiamu inajipiga kufuli, seli haiwezi kupiga hata ikitaka. Ndiyo kile kimya cha Leão. Na ukingoni mwa wimbi, kabla kimya hakijafika, seli zinapiga kwa wazimu kwa muda mfupi. Huo ndio ukili unaometameta wa JarubaLaSaba. Pale pametoboka nyuma yake ndio kimya. Mwaka 1958 Peter Milner aliweka mwendo wa Lashley na wa Leão kwenye mizani moja, na mwaka 2001 Hadjikhani na wenzake wakaliona likitembea kwa mtu mzima aliye macho, ndani ya mashine ya picha za ubongo, milimita 3.5 kwa dakika. Mgonjwa wao mmoja alikuwa anakiamsha kipandauso chake kwa kucheza mpira wa kikapu.

Kinachofungua mlango ni jirani. Potasiamu inavuja kutoka sehemu iliyozama kwenda pembeni, pale pembeni napo panazama. Bernice Grafstein alilisema hilo mwaka 1956 kabla sindano hizo hazijakuwepo. Siku hizi glutameti nayo imeongezwa kwenye hesabu. Mwendo ni wa kinyonga kwa sababu si umeme unaokimbia, ni chumvi inayoloa.

JarubaLaSaba, #20

"Chumvi inayoloa." Mkuu, hilo nitaliandika kwenye boksi langu.

MlinziWaUsiku, #21, Jumamosi saa 9:50 usiku

Niko lindoni bandarini, macho ni ya kubandika. Hizo chumvi zinahusika na usingizi au nisubiri uzi mwingine?

MaabaraKimya, #22

Zinahusika, mkuu wa lindo. Mwaka 2016 timu ya Maiken Nedergaard huko Rochester, Marekani, ilionyesha kwa panya: akiamka, potasiamu ya nje inapanda kidogo na kukaa huko, kalsiamu na magnesiamu zinashuka. Akilala inakuwa kinyume. Walipoibadilisha chumvi ya nje kwa makusudi, umeme wa ubongo ulifuata chumvi, panya akawa kama aliyelala au kama aliye macho. Na kipande cha ubongo walipokimwagia kemikali za kuamsha, potasiamu ilipanda hata baada ya mipigo yote kuzimwa kwa sumu. Maana yake ubongo una namna ya kujiwekea kiwango chake cha potasiamu, kama mtu anayepandisha na kushusha utambi wa taa.

MlinziWaUsiku, #23

Kwa hiyo kalsiamu yangu ndiyo inapanda hivi sasa. Nitamwambia msimamizi.

MzeeWaBao, #24

Atakuelewa sana.

NesiWaZamu, #25

Neno moja kwa JarubaLaSaba na wengine wenye mataa. Kipandauso huja kwa kutambaa, dakika tano, kumi, ishirini, kama ulivyochora. Ganzi au giza linalokuja kwa mpigo mmoja, mdomo kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, usikae ukachora. Hiyo yaweza kuwa kiharusi. Na anayeona mataa kwa mara ya kwanza ukubwani aende apimwe kabla hajajiita mtafiti.

JarubaLaSaba, #26

Nimekusikia dada. Nilishapimwa zamani, lakini nitarudi tena, boksi nitakwenda nalo.

KamatiyaNgisi, #27, Jumamosi saa 3:30 asubuhi

Wakuu nimempata. Ngisi wa saa moja tangu atoke majini, bado anabadilika rangi. Nimepasua kama ulivyosema. Fundo lipo, jeupe, kama punje ya mchele iliyoloa, moja kulia moja kushoto. Vidole vinatandaa. Ule wa nyuma nimeuvuta kwa ncha ya kisu, unang'aa kama uzi wa nailoni, ukiuachia unarudi. Miaka ishirini na mbili nawasafisha hawa wadudu na nilikuwa nauparua huo pamoja na utando.

Nikawaonyesha wenzangu. Sasa hapa mezani tuna ngisi kumi na wanne wamefunguliwa kama vitabu, kila mtu anatafuta wa kwake, na kuna mama anauliza kama wamekufa kwa ugonjwa maana anataka apunguziwe bei.